NANI ALIPE MAFUNZO YA RUBANI?

Ndugu wafanya kazi, hapa Kibera ndege za Wilson hupita juu ya mabati yetu kutwa, na watoto wetu huzitazama. Si vibaya. Kibaya ni mzazi kuuza shamba alipe karo ya urubani, kwa kuwa wakala amemwambia kazi ng'ambo inangoja.

Haingoji! Leseni ya biashara hutaka saa kama 200 za kuruka. Leseni ya juu, ya nahodha wa ndege kubwa, hutaka saa 1,500. Hizo 1,300 za katikati kijana atazipata wapi, na kwa ndege ya nani? Tena leseni ya Kenya haipokewi Ulaya hivi hivi. Mitihani hufanywa upya, na ada hulipwa upya.

Mwaka 2023 British Airways ilitangaza kuwalipia vijana karo ya urubani. Vizuri, ila ni wale wenye haki ya kufanya kazi Uingereza. Wa Kibera hayumo.

Sisi wa reli twajua njia nyingine. Dereva wa gari moshi wa zamani alianza kwa kuchochea moto, akijifunza huku analipwa mshahara. Hakununua kiti chake. Hata marubani, mwaka 1971 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shule yao moja Soroti. Jumuiya ikavunjika 1977, shule ikabaki Uganda.

Basi kwa nini shirika linalomhitaji rubani limwachie baba yake gharama? Tudai mkataba: mwajiri amfundishe kijana, amlipe, naye atumikie miaka waliyopatana. Wajumbe walifikishe jambo hili kwenye mkutano wa tawi.