Tusiwarundikie Watoto Masharti

Ni ada ya walimu wengi wa utungaji wa programu za kompyuta kuanza na neno "kama". Hatuna ugomvi na ada hiyo. Tatizo huanza pale mwanafunzi anapoachwa airudie "kama" hiyo mara tano, mara kumi, pasipo kuonyeshwa njia nyingine.

Tutwae mfano wa barabara ipandayo milima ya Usambara. Basi latoka Mombo, lapita Soni, lafika Lushoto, kisha laendelea hadi Magamba. Tuvipe vituo hivyo namba 1, 2, 3 na 4, na tumtake mwanafunzi alisogeze basi kituo kimoja tu. Ataandika hivi:

Kama kituo ni 1, kituo kiwe 2.
Kama kituo ni 2, kituo kiwe 3.
Kama kituo ni 3, kituo kiwe 4.

Kwa macho, programu hii haina kasoro. Lakini ikianza basi likiwa Mombo, litakutwa Magamba, na abiria wa Soni wamepitishwa kwao. Kompyuta huipima mistari yote mitatu: wa kwanza waibadili namba kuwa 2, wa pili waikuta 2 hiyo nao watenda kazi, na wa tatu vivyo hivyo. Mtoto aambiwa amekosa, wala haoni alipokosea. Hapo ndipo moyo wa kujifunza huvunjika.

Dawa yake ni kauli ya chaguo. Kauli hiyo huitazama namba mara moja, hulitekeleza tawi moja linalolingana nayo, kisha hutoka. Imo katika Pascal, lugha iliyotungwa na Niklaus Wirth mwaka 1970 kwa nia ya kufundishia, na Python iliipata katika toleo la 3.10, mwaka 2021. Ila yafaa kujihadhari na lugha ya C: huko, tawi lisipofungwa kwa neno break, kompyuta huteremkia matawi yanayofuata, na abiria wa Soni hupitishwa tena.

Mtu aweza kusema kwamba "la sivyo" nayo ingaliponya kasoro hii. Ni kweli, lakini mtoto hana budi kuikumbuka katika kila mstari. Wala hatusemi "kama" itupwe. Alama za mtihani, zipangwazo tangu kiwango hiki hadi kile, zafaa masharti. Chaguo lafaa pale thamani zinapokuwa chache na zajulikana: siku za juma, vituo vya basi, aina za mboga sokoni.

Shule isiyo na kompyuta isingoje. Wanafunzi wanne wasimame na kadi za vituo, wa tano awe basi, na darasa lisome amri kwa sauti. Watakapoliona basi likiipita Soni bila kusimama, watauliza wenyewe kwa nini. Swali hilo likishaulizwa, somo limeanza.