Kiingilio Kimelipwa, Ulinzi Uko Wapi?

Hapana abiria anayelipa nauli kisha akaambiwa ashike usukani mwenyewe. Hapana mzazi anayempeleka mtoto shuleni kisha akatakiwa ashinde langoni kuwazuia wahuni wasiingie darasani. Lakini mfanyakazi anayelipa kiingilio katika ukumbi wa dansi, akishaingia ndani, hukuta ukutani nyuma ya kaunta ya vinywaji tangazo la maneno machache: mali yako ni jukumu lako, uongozi hautahusika na upotevu wowote. Tangazo la namna hiyo limezoeleka mno hata watu wamesahau maana yake. Maana yake ni kwamba yuko mtu aliyepokea fedha za wenzake mlangoni, na papo hapo akanawa mikono.

Wizi katika kumbi za dansi si jambo dogo la kuchekesha, la kusimuliana Jumatatu ofisini au katika chumba cha walimu. Ni unyang'anyi wa jasho la wafanyakazi, na umeachwa uote mizizi kwa sababu kila anayehusika amempata mwingine wa kumtwika lawama. Mwenye ukumbi humlaumu mchezaji kwa uzembe. Mchezaji humlaumu kibaka. Jirani humlaumu mchezaji kwa kwenda dansi. Kibaka halaumu mtu. Yeye hungoja Jumamosi nyingine ifike.

Yafaa kuanza na jirani, maana kauli yake ndiyo inayosikika sana. Mwalimu akiibiwa dansini huulizwa kwanza ni nani aliyemtuma kwenda huko. Swali hilo lina kasumba ndani yake. Linadhania kwamba mtumishi wa umma akishafunga ofisi hana haki ya kuburudika, na kwamba ukumbi wa dansi ni pango la wahuni ambamo mtu mwenye heshima akiibiwa amestahili. Historia ya nchi hii inakanusha dhana hiyo. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake mwaka 1964, na wapiga muziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilichukuliwa mwaka 1983 na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, likaiendesha kama shughuli halali ya umma. Viongozi wa wafanyakazi na wa jiji wasingeweka fedha katika ngoma na magitaa kama dansi lingekuwa uhuni. Walijua kwamba mtu anayefanya kazi hana budi kupumzika, na kwamba mapumziko yenye staha ni sehemu ya maisha ya mfanyakazi. Kwa hiyo anayeibiwa dansini ameibiwa mahali halali, akifanya jambo halali.

Sasa atazamwe kibaka na kazi yake. Wizi wa ukumbini hauhitaji nguvu wala silaha. Unahitaji giza, msongamano na dakika tatu za furaha. Wimbo huanza taratibu, watu wakiwa bado wamekaa na vitu vyao mapajani. Sebene inapokolea, meza nzima huinuka kwa pamoja. Mikoba hubaki imening'inia kwenye migongo ya viti, koti hubaki limetandazwa, na simu husahauliwa kando ya chupa. Katikati ya uwanja, mtu mmoja hujifanya amelewa na kumkumba mchezaji kifuani. Wa pili, aliye nyuma, huchomoa kilichomo mfukoni. Wa tatu hukipokea na kutoka nje kabla wimbo haujakwisha. Mwenye mali anapogeuka na kupiga kelele, hata akimkamata aliyemkumba, hamkuti na kitu. Huo ni mpango, nao hufanikiwa kila wiki kwa sababu hakuna anayeuangalia.

Je, ukumbi hauna walinzi? Wapo, tena wenye vifua vipana. Lakini yafaa kuchunguza wamesimama wapi na wanatazama nini. Wako mlangoni, wakihakikisha kwamba hakuna anayeingia bila tiketi. Wako kando ya kaunta, wakilinda sanduku la fedha. Wako karibu na jukwaa, wakilinda vyombo vya muziki. Katika ukumbi mzima kila shilingi ya mwenye ukumbi ina mlinzi, na hakuna hata mmoja aliyepewa kazi ya kutazama viti vya wateja. Kwa hiyo hoja kwamba ulinzi ni gharama kubwa haina msingi. Gharama hiyo imekwisha kulipwa, na aliyeilipa ni mteja. Kilichokosekana ni kumgeuza mlinzi mmoja au wawili uso wao uelekee ndani.

Wenye kumbi hujitetea kwa lile tangazo. Husema kwamba mteja amesoma, ameonywa, na amekubali. Utetezi huo si mgeni mahakamani. Mwaka 1949 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mgeni wa hoteli ya Marlborough Court aliyeibiwa makoti ya manyoya chumbani, baada ya mwizi kuchukua ufunguo uliokuwa umetundikwa mapokezi bila uangalizi. Hoteli ilionyesha tangazo lililobandikwa chumbani kwamba haiwajibiki kwa vitu vilivyoibwa. Mahakama ilikataa utetezi huo, kwa kuwa mapatano yalikwisha fanyika mapokezi kabla mgeni hajaliona tangazo, nayo hoteli ikaonekana imezembea. Uamuzi huo wa Uingereza haumfungi hakimu wa Tanzania, lakini hoja yake ni nyoofu na kila mwenye akili timamu huielewa: mtu hawezi kupokea fedha za mwenzake langoni, kisha akabadili masharti wakati mwenzake amekwisha kuingia ndani.

Tena hasara yenyewe imebadilika. Zamani kibaka aliondoka na saa ya mkononi au noti mbili tatu, na mwenye mali alirudi nyumbani kwa miguu akiwa na uchungu, lakini na akiba yake ikiwa salama. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa pochi, imekuwa benki, imekuwa daftari la madeni. Mwalimu anayepoteza simu mwisho wa mwezi huweza kupoteza mshahara wa kijana anayesoma, kodi ya nyumba na dawa ya mzazi, hasa kama namba yake ya siri ni mwaka wake wa kuzaliwa. Kabla hajafika nyumbani, mwizi amekwisha waandikia ndugu na wakuu wa kazi kwa jina lake akiomba watume fedha kwenye namba nyingine. Na kwa kuwa laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikianza kufungwa Januari 2020, uovu unaotendwa kwa laini hiyo hubeba jina la aliyeibiwa. Aliyekwenda kucheza dansi Jumamosi anaweza kujikuta Jumatano akitoa maelezo kituo cha polisi.

Haina maana kwamba mchezaji aketi akingoja kulindwa kama mtoto mchanga. Anao wajibu wake, nao si mzito. Asibebe kadi ya benki asiyoihitaji usiku huo, wala funguo za ofisi, wala kitambulisho cha kazi kisicho na shughuli dansini. Fedha azigawe: za vinywaji mfuko mmoja, nauli ya kurudi mfuko mwingine wa ndani. Simu aifunge kwa namba ya siri isiyokisika, na laini nayo aiwekee namba yake. Mkoba uvaliwe mwilini au ubaki na mtu. Wanaokwenda kwa kundi wapeane zamu, mmoja akae mezani wakati wengine wanacheza. Kinywaji kilichoachwa bila mwangalizi kisinyweke tena, kwa kuwa wako wanaotilia watu dawa ili wawaibie bila haraka. Na kabla ya siku ya balaa, kila mwenye simu aipige namba *#06#, anakili tarakimu 15 zitakazotokea, aziweke nyumbani. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Pamoja na hayo yote, tahadhari ya mtu mmoja haiwezi kuziba pengo la ukumbi usio na taa. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuchukua sheria mikononi. Sauti moja inapopiga kelele ya mwizi, mamia hugeuka, na kijana aliyenyooshewa kidole gizani huangukiwa na mateke, chupa na matofali. Magazeti huandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ni mahakama. Katiba ya mwaka 1977 inatamka haki ya kila mtu kuishi, na kwamba mshitakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka hatia ithibitishwe. Isitoshe, mara nyingi anayetangulia kupiga kelele ni mwenzake mwizi, akielekeza umati upande usio. Mwalimu anayefundisha uraia darasani hawezi kusimama kando ya maiti ya kijana wa umri wa wanafunzi wake na kusema kwamba haki imetendeka kwa sababu ya simu. Ukumbi uliokataa kulinda mali umezaa umati unaotoa roho.

Liko jambo jingine, nalo ni chungu zaidi kwa sababu halimhusu kibaka wala mwenye ukumbi. Simu inayoibwa Jumamosi haiibwi ili ipigwe na mwizi. Inaibwa ili iuzwe. Na nani huinunua? Huinunua mtu mwenye mshahara, asiye na subira ya kulipa bei ya dukani. Huletewa ofisini ikiwa imefungwa katika gazeti, haina boksi, haina risiti, haina chaja yake, na bei yake ni nusu ya bei halali. Hauulizi aliyeileta ameipata wapi, kwa sababu jibu analijua. Baada ya wiki mbili mtu huyohuyo huibiwa yake dansini, akalaani vijana wa siku hizi kwa kukosa maadili. Kikulacho ki nguoni mwako. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, humwadhibu mwizi, na humwadhibu pia anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Kabla ya kulaumu maadili ya vijana, mtumishi wa umma na atoe risiti ya simu aliyonayo mkononi.

Basi lifanyike nini? Kila ukumbi unaotoza kiingilio uwe na chumba cha kuwekea mizigo, chenye mhudumu na vibao vyenye namba, na mteja asitozwe ada nyingine kwa huduma hiyo. Taa za kando ziwake muda wote, kwani dansi halihitaji giza la handaki. Walinzi wawili wawe ndani, wajulikane kwa sare. Mtangazaji wa bendi, ambaye hutaja majina ya wafadhili kila baada ya wimbo, atumie nusu dakika kuwakumbusha watu waangalie vitu vyao. Liwepo daftari la matukio, na aliyeibiwa asaidiwe kufunga laini yake usiku huohuo na kufika polisi. Mfumo wa kutambua namba za simu upo, na ndio uliotumika Juni 2016 kuzifungia simu bandia. Simu iliyoibwa nayo huweza kufungwa mwenyewe akitoa taarifa. Mali isiyotumika haina mnunuzi, na isiyo na mnunuzi haina mwizi.

Mambo haya hayahitaji sheria mpya wala tume ya uchunguzi. Kumbi za burudani huendeshwa kwa vibali vya Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na kwa leseni za vileo na za biashara zinazotolewa na halmashauri. Vibali hivyo havijiandiki. Huandikwa na maofisa, hukaguliwa na maofisa, na hutiwa muhuri na maofisa. Ofisa anayetia saini bila kuuliza taa ziko ngapi na mizigo ya wateja huwekwa wapi, naye ameshiriki, hata kama Jumamosi hiyo alikuwa amelala kwake.

Husemwa kwamba za mwizi ni arobaini. Ni kweli, lakini methali hiyo haisemi ni nani anayelipa gharama za zile thelathini na tisa. Mpaka sasa zimelipwa na mwalimu, karani na muuguzi, waliokwisha kulipa kiingilio. Mwenye ukumbi na alibandue tangazo lake ukutani, na mahali pake aweke mlinzi. Ofisa na afunge leseni ya asiyetaka kufanya hivyo. Na mnunuzi wa simu isiyo na risiti ajue kwamba kila anapolipa bei ya nusu, anamwajiri kibaka kwa Jumamosi inayofuata.