Nipe, Unipe, Naomba

Wasomaji wa Kericho na Bomet wamepata kusikia mtu wa pwani akinung'unika ya kuwa watu wa bara hawana adabu. Aghalabu sababu ni neno moja, "nipe". Mzee wa Kipsigis akisema, "Nipe barua yangu," mtu wa Mombasa husikia amri, maana kwao husemwa "naomba", ama kitenzi hulainishwa kwa herufi moja tu: "unipe". Katika afisi moja, ambayo sitaitaja, nilimwona mzee akirudishwa nyumbani mikono mitupu kwa ajili ya herufi hiyo.

Lakini mzee hakuanza na "nipe". Alianza na "Chamgei", akangoja aitikiwe "Chamgei mising". Neno hilo limetokana na "cham", yaani kupenda. Kwake yeye heshima imekwisha tolewa hapo, na akipewa haja yake atasema "Kongoi". Karani asiyeinua kichwa kuitikia ndiye aliyemtukana mwenziwe, wala hana habari.

Mtu wa pwani naye hungoja "shikamoo", ambayo asili yake ni kushika miguu ya mkubwa. Mwingereza hutia tafadhali hata anapoamuru (nasi tumelicheka sana jambo hilo). Mashambani mwa chai, Mkipsigis, Mluo na Mkisii huchuma pamoja. Kiswahili chao ni kimoja, lakini kila mmoja hukisema kwa adabu ya nyumbani kwake.