Kompyuta ya Parokia na Amri ya Saba

Ukiomba "kupigiwa Windows" katika duka la steshenari, iwe Bukene, Nzega au Tabora mjini, ni nadra fundi kukuuliza habari za leseni. Anachomeka flashi, anaingiza namba ya leseni isiyo halali, unalipa elfu chache na kwenda zako.

Sisi tunaosaidia ofisi za parokia wakati wa likizo tumeyaona hayo mara nyingi. Tunafundisha amri ya saba katika katekisimu, kisha tunaandika matangazo ya Dominika kwa programu ya wizi. Tukiuliza sababu, jibu ni lile lile: "Ndiyo inayotumiwa na kila mtu."

Wala si kwamba njia nyingine haipo. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hutolewa bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Lugha yetu ilikuwamo, bei ilikuwa sifuri, na bado mazoea yakashinda.

Lakini nasi tunaopenda programu huria tuna kosa letu. Tuliwahi kuweka Debian, mfumo mmojawapo wa Linux, katika kompyuta mpakato kuukuu ya parokia. Kadi ya Wi-Fi ikagoma, kwa kuwa ilihitaji kipande cha programu ambacho kampuni iliyoitengeneza haikuweka msimbo wake wazi. Tukaanza kueleza habari za uhuru wa programu. Katibu wa parokia, mama mvumilivu, akatusikiliza hadi mwisho, akasema: "Sawa wanangu, lakini uhuru wenu hautumi barua pepe."

Wenye Debian wenyewe walikutana na swali hilo. Mwaka 2022 walipiga kura, wakakubali vipande vya namna hiyo viingie katika kifurushi chao rasmi, na toleo la 12 likatoka hivyo mwaka 2023. Wapo walioona ni kuuza imani kwa ajili ya umaarufu. Sisi tunaona walifanya vema. Vipande hivyo vinasambazwa kwa ruhusa ya wenye navyo, vimetengwa katika fungu lake, na asiyevitaka anaweza kuvikataa. Hakuna aliyeibiwa wala kudanganywa.

Misafara ya Wanyamwezi ililipa hongo kwa watemi wa njiani. Haikuwa rushwa ya siku hizi, bali ushuru wa kupita. Walilipa wakapita, lakini mzigo hawakuuacha pale. Nasi tufanye hivyo. Kipande cha kuiwezesha kadi ni ushuru. Rejista ya ubatizo ni mzigo wenyewe. Inapaswa kusomeka hata baada ya miaka mia, hivyo isifungiwe katika programu ya kampuni moja kwa kuwa tu ni maarufu. Mtindo wa ODF, unaotumiwa na LibreOffice, umekuwa kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2006, na yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuusoma.

Papa Benedikto wa 16, katika waraka *Caritas in Veritate* wa mwaka 2009, alionya juu ya kung'ang'ania kupita kiasi haki za kumiliki maarifa. Onyo hilo haliruhusu wizi. Linatuhimiza kuwathamini wanaogawa maarifa yao kwa hiari.

Basi tuanze kidogo. Weka LibreOffice kwanza, hata ndani ya Windows. Katibu akishaizoea, hamisha kompyuta moja kwenye Linux. Kadi ikigoma, ipe kipande chake bila kuona haya. Kuona haya tubakize kwa ile namba ya leseni isiyo halali.