Kabla ya Geti, Gata

Jirani zangu wa Oldonyo Sambu, wazawa na sisi wahamiaji, naomba dakika zenu chache kabla vuli haijaanza.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipojenga huku, pesa iliyobaki baada ya kuezeka niliimalizia kwenye geti. Geti jeusi, zito, lenye nondo zilizopindwa kama maua. Wapita njia wakawa wananisalimia kwa heshima ambayo sikuwa nayo wiki iliyotangulia. Gata sikuweka. Nilijiambia nitaweka mwakani. Masika yakaja, na asubuhi moja nikatoka nje nikakuta kona ya nyumba inaning'inia: maji ya kwenye bati yalikuwa yamechimba chini ya msingi mpaka mkono wangu ukaingia hadi kiwiko. Kuanzia pale mfereji mpya ulikuwa umekata uwanja, ukapita chini ya lile geti, ukaingia shambani kwa jirani na kulaza maharage yake yote. Yule mama, ambaye kwa umri wake namwita yeyo, aliitazama nyumba kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, umevaa kofia nzuri, ila maji yake unanimwagia mimi mgongoni."

Mchana wa siku hiyohiyo nilimlipa mwenye punda aniletee maji ya kunywa.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhesabu mabati ya watu. Ukitoka mjini ukapita Sakina na Ngaramtoni kwa barabara ya Namanga, kadiri unavyokaribia kwetu mabati mapya yanang'aa pande zote mbili za lami. Mengi hayana gata. Hesabu yake hata mtoto wa darasa la tano anaiweza: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 8 kwa 10 ikipata mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya saa chache tu, bati limepokea lita 800. Hayo ni madumu 40. Punda mmoja anabeba manne. Kwa hiyo punda kumi wamepita juu ya paa lako usiku umelala, wakateremka zao korongoni.

Na sisi si watu wa kuchezea maji. Upande wa kusini, Tengeru na Usa River, Mlima Meru unanyeshea kahawa na migomba. Sisi tuko mgongoni kwake. Upepo wa mvua unatufikia ukiwa umeshatua mzigo. Kinachobaki kinaangukia udongo wa majivu ya volkano, udongo ule unaoingia kwenye kabati hata likiwa limefungwa, na ambao maji yakiupata kwenye mteremko unakatika kama keki. Makorongo yetu yalianza hivyohivyo, mfereji mmoja wa uwanja mmoja.

Hata hivyo, hoja yangu kubwa ni meno.

Jina la mahali hapa ni la Kimaasai, mlima wa mabakamabaka, kama ng'ombe mwenye rangi mchanganyiko. Mabaka ya mlima ni mazuri. Mabaka ya kahawia kwenye meno ya watoto wetu tumeyazoea mno, hata mtu akicheka akaonekana na meno meupe tunajua amekulia kwingine. Ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya Meru na kuingia kwenye chemchemi na visima vya upande huu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu kuna sehemu maji mengine hayakuwepo. Meno huharibika yanapojengeka, ndani ya fizi, mtoto akiwa bado mdogo; akishakuwa mkubwa hakuna dawa ya meno itakayoyarudisha. Wanaokunywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi hupata shida ya mifupa pia, na mnawajua wazee wetu ambao migongo yao haikunjuki.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki. Magadi tunayotia kwenye maharage nayo yanaongeza. Kule Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kimefundisha kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na unafanya kazi, ingawa unataka kubadilishwa kila unapochoka. Lakini maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba. Yanashuka karibu bila floraidi kabisa, bure, mpaka mlangoni. Familia ya watu sita, kila mmoja akipewa lita tano kwa siku za kunywa na kupikia, inatumia lita 30. Simtanki la lita 5,000 likijaa mwisho wa masika linawafikisha zaidi ya miezi mitano, karibu mpaka vuli. Kufua na kunywesha mifugo kuendelee na maji ya kawaida. Yale ya tangi ni ya watoto.

Wanaokuja kununua kiwanja nawaomba jambo moja la ajabu kidogo: njooni mvua inaponyesha. Dalali atakuleta Agosti, jua la asubuhi, mlima umevua mawingu. Rudi Aprili na gambuti, uone maji yanapita wapi. Muulize jirani wa juu maji yake anayapeleka wapi, kwa sababu yatakuwa yako. Na karatasi ya daftari yenye sahihi za mashahidi wawili usiiite hati. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Mauziano yapitie Halmashauri ya Kijiji, kikao kiandike muhtasari, kisha ufuatilie hati ya haki miliki ya kimila. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1985 inajulikana kwamba kuuziana ardhi ya kijiji bila kibali cha halmashauri yake ni kujitafutia kesi. Mke wa muuzaji awepo kikaoni, asemeshwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa ya mwenza, na sheria ya mwaka 1999 inaibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Najua baadhi ya wazee wangu hapa hawatalipenda hilo. Nalisema kwa adabu, lakini nalisema. Anayeamka alfajiri kufuata maji ni yeye, na ndiye ajuaye kiwanja kina thamani gani.

 

Mtaniuliza pesa itoke wapi, maana gata, mabomba na tangi si bei ya soda. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima huuhuu, ili walowezi wapewe ardhi, na nyumba zao zikachomwa. Walichangishana, na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet hadi New York kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Kama watu waliochomewa nyumba waliweza kuchangia nauli ya kwenda Marekani, vikoba vyetu vinaweza kuzungusha simtanki moja kwa mwezi, nyumba hadi nyumba, tukianza na zenye watoto wa chini ya miaka minane. Ambaye tangi halimudu aanze na gata la upande mmoja na pipa. Mvua ya kwanza aiache ipite ioshe vumbi. Ya pili akinge. Yanayofurika ayaelekeze kwenye kinga maji lililopandwa mkonge, yasiende kwa jirani.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba naanza na nyumba ya yeyo, yule wa maharage. Bati lake lina upana wa mita sita tu, kazi ya asubuhi moja. Ngazi ninayo, mkasi wa bati nimeazima, na gata nimenunua mimi, kwa sababu lile deni ni langu. Nahitaji watu wawili wa kushika chini na mmoja asiyeogopa kupanda. Tukutane kwenye geti jeusi, halijifichi.