Serikali Isiyotoa Fedha Haitoi Amri

Wapo wanaodhani kwamba mjadala wa Wamarekani juu ya seli shina ulikuwa ugomvi wa wanasayansi na watu wa dini. Hasa ulikuwa ugomvi wa hazina: je, kodi ya mwananchi ilipie utafiti ambao mwananchi huyo huyo, kwa imani yake, anauona kuwa ni uuaji?

Mwaka 1998 James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alifaulu kutenga seli shina kutoka katika kiinitete cha binadamu na kuzikuza maabarani. Seli hizo zaweza kugeuka kuwa za moyo, za neva au za kongosho, na wagonjwa wengi wakajaa matumaini. Lakini ili zipatikane, kiinitete chenye umri wa siku chache hakina budi kuharibiwa. Tangu 1996 Bunge la Marekani lilikuwa limekwisha kukataza, kwa kifungu cha sheria ya bajeti, fedha za Serikali Kuu zisitumike katika utafiti wa kuharibu viinitete. Tarehe 9 Agosti, 2001, Rais George W. Bush akatangaza kuwa fedha zitatolewa kwa seli zilizopatikana kabla ya siku ile tu. Ilidhaniwa kuwa kuna makundi zaidi ya 60 ya seli hizo. Yaliyofaa kutumika yakawa 21.

Simdharau mpinzani. Aaminiye kwamba utu huanza tangu kutungwa mimba ana haki ya kuuliza kodi yake inakwenda wapi. Kosa la sera ile, kwa maoni yangu, liko kwingine: iliufunga mfuko bila kuufunga mlango. Hakuna sheria ya nchi nzima iliyoikataza maabara ya kampuni binafsi kufanya kile ambacho maabara ya umma haikulipiwa.

Matokeo yake atayaelewa mara moja kila aliyepata kusimamia bohari ya kikosi. Hadubini iliyonunuliwa kwa fedha za Serikali Kuu haikuruhusiwa kutazama seli zisizoruhusiwa. Basi watafiti wakalazimika kuweka vyumba viwili, vifaa maradufu na madaftari mawili ya hesabu. Mwaka 2004 wapiga kura wa California wakaidhinisha dola bilioni 3 za jimbo lao, na wanasayansi wakazifuata. Mwaka 2006 Seneti ilipitisha kwa kura 63 dhidi ya 37 muswada wa kulegeza masharti. Bush akaukataa, ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza kutumia kura ya turufu. Barack Obama aliyaondoa masharti ya 2001 kwa amri ya Machi 2009, jaji akasimamisha fedha mwaka 2010, na kesi haikwisha hadi 2013. Mtafiti gani aweza kupanga kazi ya miaka kumi kwa utaratibu wa namna hiyo?

Waingereza walitangulia kutunga sheria, mwaka 1990. Kiinitete hakikuzwi maabarani kupita siku 14, na hakuna autendaye utafiti huo bila leseni, awe wa umma au wa binafsi.

Wengine husema Shinya Yamanaka wa Japani alimaliza ubishi wote alipoonyesha, mwaka 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi yaweza kurudishwa katika hali ya ushina. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Lakini alijuaje jeni zipi azijaribu? Alizichagua kwa ujuzi uliotokana na seli za viinitete.

Hata hivyo nakiri kuwa kutoa fedha peke yake hakutoshi. Mwezi Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za selimundu zinazotumia seli shina za damu ya mgonjwa mwenyewe, wala hazihusu kiinitete. Fedha za umma zilikuwa zimelipia utafiti wa ugonjwa huo kwa miongo mingi. Bei ikapangwa na makampuni: dola milioni 2.2 kwa tiba moja, milioni 3.1 kwa nyingine. Hapa Uganda, uchunguzi wa watoto wachanga uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 13.3 yao wamebeba urithi wa selimundu. Mzazi wa Lira mwenye mtoto mgonjwa hana la kufanya na bei hizo, wala hakuna aliyekumbuka kumtaja masharti yalipokuwa yakiandikwa.