Jina la nani njo linaimbwa?

Siku ya malipo imefika, na ku baa orkesta inaijua tarehe hiyo kuliko sisi wenyewe. Mutu anatupa libanga, jina lake linaitwa ndani ya wimbo. Libanga kwa Lingala ni jiwe, na sisi tunaojua jasho la jiwe njo tungefikiri zaidi. Falanga za masomo ya watoto zinanunua jina la baba, linapita haraka, basi.

Juu ya jambo hilo nataka kuwaelezea habari ya Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani. Alizaliwa 1948 katika mji unaoitwa leo Faisalabad, mji wa viwanda vya nguo, wenye wafanyakazi wa zamu sawa sisi. Familia yake iliimba qawwali toka vizazi vingi, ni kusema nyimbo za Wasufi, Waislamu wanaomtafuta Mungu kwa upendo na kwa kumkumbuka. Baba hakutaka mtoto arithi kazi ile, alitaka awe daktari. Lakini baba akafa 1964, na kwenye ibada ya siku ya arobaini, pale kaburini, njo kijana aliimba mbele ya watu mara ya kwanza.

Qawwali haiko kazi ya mutu mumoja. Wanakaa chini, mwimbaji mkubwa mbele, harmonium na tabla pembeni, wa nyuma wanapiga makofi na kuitikia. Wimbo unaweza kupita nusu saa, neno moja linarudiliwa mpaka linaingia ndani ya mwili. Na falanga iko! Musizani wale hawakuli. Wasikilizaji wanasimama, wanaweka noti mbele ya waimbaji. Ku makaburi ya mashehe, mara nyingi wanampa kwanza mkubwa wa kikao, naye anawapatia. Lakini mwenye kutoa hanunui jina. Majina yanayoitwa ni la Mungu, la Mtume, la Ali, na ya mashehe waliokufa zamani sana.

Wengine watasema Nusrat naye alifuata soko. Ni kweli, aliimba ku sinema, alirekodi na watu wa Peter Gabriel, na wimbo wake "Mustt Mustt" ukageuzwa na Massive Attack kuwa muziki wa kucheza. Waamini fulani walikasirika, na ninawaelewa. Lakini hata pale, sifa za Lal Shahbaz Qalandar, shehe aliyezikwa Sehwan, njo zilifika ku disko za Ulaya. Hakuna tajiri aliyelipa apewe nafasi yake.

Alikufa London tarehe 16 Agosti 1997, na miaka 48 tu, mwili umechoka. Mtoto wa ndugu yake, Rahat, anaendelea na kazi. Na 2024 ikatoka albamu yake mpya, Chain of Light, nyimbo za 1990 zilizokuwa zimelala ndani ya stoo.

Sisemi tugeuke Wasufi. Nasema na sisi wenye kulipa: kama libanga ni lazima, tulitupe kwa jina la mwenzetu aliyefukiwa na udongo ndani ya shimo. Mjane wake anakaa paka hapa katika mtaa, muziki wa baa unamufikia mpaka ku kitanda. Mwezi huu, orkesta ikikuuliza jina, toa la bwana yake.